MDUDU HUJULIKANA KWA VIUNGO VYAKE

Mkulima wa Njoro akiona majani ya mahindi yake yametobolewa matundu, humwambia jirani yake ya kwamba shamba limeingiwa na funza. Mkulima wa Rongai akipasua bua la mhindi uliokauka moyo na kumkuta mdudu ndani yake, naye husema ni funza. Mama wa Subukia akimtoa mwanawe mdudu chini ya ukucha wa mguu, husema ametoa funza. Na mwenye bucha akiona nyama iliyosahauliwa imeanza kutembea yenyewe, huitupa akisema imeingia funza. Jina ni moja, lakini wadudu ni wanne. Wa kwanza na wa pili ni watoto wa nondo wa namna mbili mbalimbali, wa tatu ni kiroboto, na wa nne ni mtoto wa inzi.

Sasa mtu akienda katika duka la dawa za kilimo mjini Nakuru na kusema anataka dawa ya funza, mwenye duka atampa nini? Atampa ile anayoidhania. Fedha zitatoka, dawa itanyunyizwa, na baada ya wiki mbili mdudu yule yule atakuwa angali akila. Mwenye shamba atasema dawa ni mbovu, mwenye duka atasema mkulima hakufuata maagizo, na huenda wote wawili wakawa wamekosea tangu neno la kwanza walilosemezana.

Si kwamba Kiswahili ni maskini wa majina ya wadudu. Mahali ambapo watu walikuwa na haja, walitazama vizuri sana. Nzige ni mfano mwema. Huyu aliyeota mabawa na kuruka huitwa nzige. Lakini watoto wake wasioweza kuruka wana majina yao: kimatu, tunutu, maige. Wazee walijua ya kwamba tunutu atembeaye kwa miguu huweza kuzuiwa kwa handaki na kwa moto, na nzige arukaye hawezi, kwa hiyo hawakuona vyema kuwaita kwa jina moja. Tena mchwa akiota mabawa na kutoka ardhini baada ya mvua, huitwa kumbikumbi, naye huliwa; yule asiye na mabawa hula paa la nyumba.

Shida ni kwamba majina haya hayavuki mpaka wa lugha. Nakuru ni mji wa makabila mengi. Nzige yule yule Mkikuyu humwita ngigĩ na Mjaluo humwita bonyo, na kila kabila jingine lina neno lake. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa mwezi wa Desemba 2019, katika uvamizi uliohesabiwa kuwa mkubwa kupita wote wa miaka 70 nchini, habari zao zilipaswa kutoka Yemeni, Somalia na Ethiopia hadi Nairobi bila ya mtu kuuliza ni panzi gani anayetajwa. Wataalamu wa nchi zote hizo walikuwa na jina moja, Schistocerca gregaria, na kila mmoja alijua ni mdudu yupi.

Majina ya namna hiyo huwachosha wasomaji wengi, na wengine hudhani yamebuniwa ili watu wa kawaida wasielewe. Haifai kudhani hivyo. Jina la kitaalamu limejengwa juu ya mwili wa mdudu, na mtu ambaye amewahi kukoka moto, kuvaa viatu na kuchinja kuku ana akili ya kutosha kujifunza mwili wa mdudu kwa siku moja.

VIPANDE VITATU

Mshike panzi mmoja mkubwa, umtazame mahali penye mwanga. Mwili wake una vipande vitatu: kichwa, kifua na tumbo. Kwa sababu mwili huu huonekana kama uliokatwakatwa, Wayunani wa zamani walimwita mdudu kwa neno lenye maana ya kitu kilichokatwa, na Warumi wakafanya vivyo hivyo kwa Kilatini. Neno hilo la Kilatini ndilo lililokuwa jina la wadudu katika lugha nyingi za Ulaya.

Kichwani mna macho mawili makubwa, na kila jicho limefanywa kwa vijicho vingi vidogo vilivyopangwa kama masega ya nyuki. Mna vipapasio viwili ambavyo mdudu hutumia kwa kugusa na kunusa. Tena mna kinywa, na hapo mkulima atazame kwa makini, maana kinywa ndicho kinachomla mali yake. Panzi na kiwavi wana taya za kutafuna, nao huacha jani limekatika. Kidukari na mbu wana mdomo kama sindano, nao hufyonza bila ya kukata kitu. Sumu iliyonyunyizwa juu ya jani humfikia vizuri mtafunaji, lakini mfyonzaji huchoma sindano yake chini ya sumu hiyo na kunywa maji ya mmea yaliyo safi. Ndiyo sababu dawa nyingine hufanywa ili ziingie ndani ya mmea wenyewe.

Kifua kina pingili tatu, na kila pingili ina jozi moja ya miguu. Kwa hiyo mdudu wa kweli ana miguu sita. Buibui, kupe na nge wana minane, nao si wadudu kwa hesabu ya wataalamu, japo watu huwaita hivyo. Mabawa, kama yapo, hutoka katika pingili ya pili na ya tatu ya kifua, wala hayatoki tumboni kamwe. Mguu nao una paja, muundi na wayo kama mguu wa mtu.

Tumbo lina pingili nyingi zaidi, na ubavuni mwake mna matundu madogo madogo. Hayo ni matundu ya kupumulia. Mdudu hana pua wala mapafu; hewa huingia kwa matundu hayo na kusambaa kwa mirija mwilini mwote. Mtoto wa mbu aliye majini hutoa mrija wake juu ya maji ili apate hewa, na mafuta kidogo yakitandazwa juu ya dimbwi humziba akafa. Hilo lilijulikana na kutumika miaka mingi kabla ya dawa za siku hizi.

MANENO YA NYUMBANI

Msomaji akifungua kitabu cha wadudu cha shule ya sekondari, atakuta maneno kama antena, toraksi, tibia, larva, pupa na elitra. Maneno haya yana sura ya ugeni, lakini kwa wale walioyatumia kwanza yalikuwa maneno ya nyumbani na ya kazini.

Antena, jina la kipapasio, katika Kilatini ilikuwa ile boriti inayobeba tanga la chombo. Baharia wa Lamu huiita foromali. Mtu mmoja alitazama kichwa cha mdudu akaona foromali mbili zimetokeza mbele, akaziita hivyo. Toraksi lilikuwa vazi la chuma la askari, yaani deraya, na kwa kweli kifua cha mbawakavu ni kigumu kama deraya. Tibia ni mfupa wa muundi, na Warumi waliupa jina hilo hilo zumari. Pupa, yaani mdudu aliyelala katika ganda lake akingoja kugeuka, maana yake ni mwanasesere, naye kweli hufanana na mtoto aliyefungwa katika nguo. Larva ndilo la ajabu kupita yote: maana yake ni mzuka, au sura ya bandia ya kuvaa usoni. Kiwavi ameitwa larva kwa kuwa amevaa sura isiyo yake, na nondo wa kesho amejificha ndani.

Elitra ni yale mabawa ya juu yaliyo magumu, yanayofunika mabawa laini ya chini. Kiyunani chake maana yake ni ala, kama ala ya kisu. Kundi lote la wadudu wa namna hiyo likaitwa Coleoptera, yaani wenye mabawa ya ala. Na Waswahili? Wao walimwita mdudu huyo mbawakavu, ambaye wengine humtamka mbawakawa. Mzee wa pwani na mtaalamu wa Ulaya hawakuonana wala kuandikiana barua, lakini wote wawili waliangalia kiungo kile kile, na wote wawili wakampa mdudu jina kwa bawa lake gumu.

Makundi mengine makubwa yaliitwa kwa mabawa pia. Diptera ni wenye mabawa mawili, kama inzi na mbu. Lepidoptera ni wenye mabawa ya magamba, yaani vipepeo na nondo. Ule unga unaobaki kidoleni ukimshika nondo ni magamba yake. Orthoptera ni wenye mabawa yaliyonyooka, nao ni panzi na nzige.

JINA LENYE SEHEMU MBILI

Mtu aliyeziweka taratibu za majina haya ni Carl Linnaeus wa Sweden, aliyezaliwa mwaka 1707 na kufa mwaka 1778. Chapa ya kumi ya kitabu chake, iliyotoka mwaka 1758, ndiyo mwanzo wa majina yote ya wanyama na wadudu. Jina lililotangulia hapo halihesabiwi. Alimpa kila mdudu jina la sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya ukoo, nayo huandikwa kwa herufi kubwa; ya pili ni yake mwenyewe, nayo huandikwa kwa herufi ndogo hata kama imetokana na jina la mtu au nchi. Ni kama kuitwa Kamau wa fulani, isipokuwa baba hutangulia mwana.

Sheria kubwa ni ya aliyetangulia. Mdudu akipewa majina mawili na watu wawili, la kwanza ndilo linalokaa. Sheria hii ilimfunga Linnaeus mwenyewe. Mwaka 1758 alimwita nyuki Apis mellifera, maana yake mleta asali. Baadaye alitambua ya kwamba nyuki haleti asali. Huleta maji matamu ya maua na kuyageuza kuwa asali mzingani. Mwaka 1761 akataka kumwita mellifica, yaani mtengeneza asali. Lilikuwa jina la kweli zaidi, lakini lilikuwa la pili, na hata leo nyuki ni mleta asali. Wafuga nyuki wa msitu wa Mau huenda wakacheka. Lakini jina halikuwekwa ili lieleze kila jambo; limewekwa ili lisibadilike ovyo.

Nyuki wa mizinga mingi ya Bonde la Ufa huongezwa neno la tatu, scutellata, yaani mwenye kigao. Kigao hicho ni kipande kidogo kilicho juu ya kifua chake, kati ya mabawa. Hapa tena jina limetoka katika kiungo.

Nyuma ya jina huandikwa aliyelitoa na mwaka. Jina hilo la mtu likiwa ndani ya mabano, maana yake ni kwamba mdudu amehamishwa ukoo tangu alipopewa jina. Na kila jina limefungwa na kielelezo kimoja, yaani mdudu mmoja aliyekaushwa, akachomwa pini na kuwekwa katika makumbusho pamoja na kibandiko chake. Watu wakibishana, hurudi kwa huyo. Majina mengine kama hayo yalitolewa na Mwafrika: Thomas Odhiambo, aliyezaliwa mwaka 1931 na kuanzisha kituo cha uchunguzi wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi mwaka 1970, alikuwa akieleza na kutaja wadudu wafyonzao mimea tangu siku alipokuwa kijana akifanya kazi Uganda, na jina lake limeandikwa nyuma ya majina yao.

HABARI YA ZIWA NAIVASHA

Anayeuliza faida ya shughuli hii yote na atazame Ziwa Naivasha. Katika miaka ya 1960 lilionekana huko gugu lielealo, aina ya kangaga lisiloshika ardhi, lenye majani mawili mawili ya nywele fupi juu ya maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Halizai mbegu, kila kipande kinachokatika huwa gugu jipya, na penye joto na maji yenye rutuba huongezeka maradufu kwa siku chache. Mikeka yake hupeperushwa na upepo kutoka ufuo huu hadi ule, hufunga njia ya mitumbwi, huzonga nyavu, na hunyima maji yaliyo chini mwanga na hewa.

Naivasha haikuwa peke yake. Katika Ziwa Kariba, lililo kati ya Zambia na Zimbabwe za leo, gugu hilo lilionekana mwaka 1959, na mwaka 1962 lilikuwa limefunika karibu kilomita za mraba 1,000. Wataalamu walilitazama wakasema ni Salvinia auriculata, mmea uliopewa jina tangu mwaka 1775. Wakakusudia kumtafuta mdudu anayeula huko kwao, wamlete Afrika.

Walikwenda Trinidad na sehemu za jirani ambako auriculata humea, wakampata fukusi mdogo mweusi mwenye mdomo mrefu, aliyeitwa Cyrtobagous singularis. Katika miaka ya 1970 aliachiliwa Botswana. Fukusi alikaa, akala, akazaa; na gugu likaendelea kuelea kama kwamba halikuguswa. Watu wakaanza kusema ya kwamba njia ya kupigana na magugu kwa wadudu haifai.

Kumbe kosa lilikuwa katika jina. Mwaka 1972 D. S. Mitchell alieleza ya kwamba gugu la Kariba si auriculata, ila ni mmea mwingine ambao haujapata kuwa na jina. Akauita Salvinia molesta, yaani msumbufu, na hapana aliyelalamika ya kwamba jina halikumstahili. Basi ikiwa mmea ni mwingine, na kwao ni kwingine. Mwaka 1978 wachunguzi wa Australia walikuta kwao kwa kweli, kusini-mashariki mwa Brazili, na juu yake wakamwona fukusi. Walimtazama wakadhani ni singularis yule yule aliyeshindwa Botswana. Hata hivyo walimchukua.

Mwaka 1980 aliachiliwa katika Ziwa Moondarra, karibu na mji wa Mount Isa. Kabla ya mwisho wa mwaka 1981 gugu la ziwa hilo lilikuwa limekufa karibu lote. Watu walistaajabu: fukusi mmoja, jina moja, kwa nini hapa ashinde na kule ashindwe? Ndipo wawili, Calder na Sands, walipowaweka fukusi wa Trinidad na fukusi wa Brazili chini ya hadubini na kuvilinganisha viungo vyao kimoja kimoja. Mdudu ana urefu wa milimita mbili tu, na tofauti zao ni ndogo mno. Lakini zilikuwapo. Mwaka 1985 fukusi wa Brazili akapewa jina lake, Cyrtobagous salviniae. Tabia zao pia ni mbalimbali. Singularis mkubwa hupenda kula majani; salviniae hula machipukizi, na watoto wake hutoboa shina kwa ndani, hata mmea ukazama.

Kosa la jina lilikuwa limetokea mara mbili, kwanza katika mmea na tena katika mdudu, na kati ya kosa la kwanza na kusahihishwa kwa la pili ilipita zaidi ya miaka ishirini. Wavuvi wa maziwa mengi walingoja muda huo wote.

Fukusi aliyetambuliwa hivyo aliletwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na gugu lile likapungua sana. Ziwa halikustarehe, maana gugu jingine, lile lenye maua ya rangi ya zambarau liitwalo hasa gugu-maji, lilikuwa limekwisha kuonekana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo likashika nafasi iliyoachwa wazi. Hilo lina fukusi wake wawili wa ukoo wa Neochetina, na mmoja wao, bruchi, hujulikana kwa alama pana ya rangi hafifu inayokata mgongo wake kama herufi V. Mwenzake anaitwa eichhorniae kwa jina la zamani la gugu-maji, Eichhornia. Mwaka 2018 wataalamu wa mimea walilihamisha gugu hilo katika ukoo wa Pontederia, lakini fukusi amebaki na jina la zamani, kwa ile sheria ya aliyetangulia.

KURUDI SHAMBANI

Sasa yule kiwavi wa Njoro. Mpaka mwaka 2016 Afrika haikumjua kiwavijeshi wa Amerika. Mwaka huo alionekana Afrika ya Magharibi, na mwaka 2017 alithibitishwa Kenya. Jina lake ni Spodoptera frugiperda. Neno la kwanza maana yake ni bawa la majivu, kwa rangi ya nondo wake. La pili ni mharibu mazao. J. E. Smith alimpa jina hilo mwaka 1797 kwa nondo waliotoka Georgia huko Marekani, akamtia katika ukoo wa Phalaena. Kwa kuwa amehamishwa, jina la Smith sasa huandikwa ndani ya mabano. Kwa Kiswahili huitwa kiwavijeshi vamizi.

Ana ndugu yake wa hapa hapa Afrika, Spodoptera exempta, ambaye ndiye kiwavijeshi wa siku zote. Huyu huja baada ya mvua, kwa maelfu na maelfu, mweusi kama mahameli, akitembea pamoja na wenzake kutoka malisho hadi shambani, na baada ya wiki chache huingia ardhini akatoweka. Yule wa Amerika hatembei kwa jeshi kubwa namna hiyo. Huingia katika moyo wa mhindi, hujificha humo, huacha kinyesi kama unga wa mbao, na kizazi kimoja kikiisha kingine huanza katika shamba lile lile. Kumngoja apite kama ndugu yake ni kupoteza mahindi.

Ili kuwatofautisha, mchukue kiwavi aliyekwisha kukua na umtazame kwa kioo cha kukuzia, au hata kwa macho matupu. Usoni pa frugiperda pana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Alama hii peke yake haitoshi, maana ndugu yake naye ana kitu cha kufanana nayo, na wengi hudanganyika hapo. Geukia upande wa mkia. Katika pingili iliyo karibu na ya mwisho, juu mgongoni, utaona madoa manne meusi makubwa yaliyokaa mraba, kama miguu minne ya meza. Hiyo ndiyo alama yake hasa.

Yule aliyekutwa ndani ya bua huko Rongai, mwenye mwili wa rangi ya maziwa iliyochanganyika na waridi, hana mraba huo. Huyo ni mtoboa mabua, na katika nchi ya juu kama Nakuru mara nyingi ni Busseola fusca. Akiisha kuingia ndani ya bua, dawa ya kunyunyiza juu ya majani haimfikii. Dawa yake ni ya mapema, na mabua yaliyosalia shambani baada ya mavuno yasiachwe, maana hulala humo akingoja mvua. Kiwavijeshi vamizi hunyunyiziwa angali mdogo, asubuhi mapema au jioni, na dawa ielekezwe katika moyo wa mhindi. Mtu asipojua ni yupi kati yao, hawezi kujua hata saa ya kutoka nyumbani na bomba lake.

KUMPELEKA MDUDU KWA MTAALAMU

Mkulima asiyeweza kumtambua mdudu wake ampeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yake, ambaye wazee wangali wakimwita Bwana Shamba, naye akishindwa atampeleka mbele, kama katika kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Njoro au katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Lakini mdudu aliyepondwa katika karatasi hana viungo vya kutazamwa. Kiwavi atiwe katika chupa ndogo yenye spiriti. Nondo na kipepeo wasitiwe majini wala katika spiriti, kwa kuwa magamba ya mabawa hutoka. Huwekwa wakavu katika kisanduku kidogo chenye pamba, mabawa yakiwa hayakukunjwa. Wapelekwe zaidi ya mmoja, wadogo kwa wakubwa, maana alama nyingine hazionekani mpaka kiwavi akue.

Pamoja na mdudu kuwe na karatasi iliyoandikwa mahali alipopatikana, yaani kijiji na kata. Siku, mwezi na mwaka. Mmea aliokuwa akiula na sehemu ya mmea huo. Na jina la aliyemkamata. Jina ambalo watu wa mahali pale humwita mdudu huyo liandikwe pia, kwa lugha yoyote. Karatasi hiyo iandikwe kwa kalamu ya risasi na itiwe ndani ya chupa. Wino huyeyuka katika spiriti, na chupa nyingi zimefika Nairobi na mdudu mzima kabisa, na karatasi nyeupe.